Namna ya kuchimbua asili ya jina adimu: kwa mwenye ukoo Tanga au Bagamoyo

Mwenye jina lisilosikika mara nyingi huanza msako wake mahali ambapo angepaswa kumalizia. Anashika simu, anaandika jina, anapewa mstari mmoja wa maana, na hapo anafunga kazi. Chukua jina Asha. Orodha nyingi za kigeni husema ni la Kihindi na maana yake ni tumaini, kwa sababu neno hilo lipo katika Kisanskriti. Asha wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, hakuletewa jina lake kutoka huko. Lake ni Aisha, jina la mkewe Mtume, na maana yake ni mwenye uhai. Matamshi ni yale yale, njia ni mbili, na kamusi haiwezi kukuambia wewe umepita ipi. Ukitafuta Rukia utaletewa mhusika wa katuni za Kijapani, ilhali Rukia wa Bagamoyo ni Rukaya, binti wa Mtume.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza aliyelitoa jina, kisha namna lilivyoandikwa, kisha siku uliyozaliwa, kisha lugha. Kuhesabu wangapi wanalo huja mwisho kabisa. Ukiruka hatua utapata jibu linalopendeza kusikia ambalo si lako.

Anza kwa aliyekupa jina

Mtafute mtu mzima kuliko wote aliyekuwepo ulipozaliwa: bibi, shangazi, mkunga wa mtaa, hata jirani. Nenda wakati wa utulivu, baada ya Alasiri kwa mfano, wala si siku ya shughuli. Amkia, kaa, acha mazungumzo yatembee kabla ya kufungua daftari. Ukitaka kurekodi kwa simu omba ruhusa kwanza. Na usiulize "Bibi, jina langu maana yake nini?", kwa sababu atajitahidi kukutengenezea maana ili usitoke mikono mitupu. Uliza mambo aliyoyaona kwa macho yake:

– Nani alilitamka mara ya kwanza, na wapi? Siku ya saba kwenye akika, kanisani, au hospitalini karani alipotaka kujaza fomu?
– Kabla yangu nani aliitwa hivi? Somo wangu huyo alikuwa mtu wa wapi?
– Siku ile ilikuwaje: mvua, usiku, mfungo, msiba, safari?
– Nyumbani mlikuwa mkiniita nani? Chuoni kwa ustadhi niliandikwa nani?
– Walionitangulia tumboni walikuwa hai?

Swali la mwisho liulize kwa upole na usiliulize mbele ya watu, maana linagusa makaburi ya watoto. Lakini usiliache. Pwani yote ina majina ya kinga, anayopewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, ili jina lionekane duni na kifo kimpite: Mtumwa, Kijakazi, Tabu, Mashaka. Mwenye jina kama hilo akisoma kamusi peke yake ataona fedheha mahali palipokuwa na mapenzi makubwa. Kwa hiyo kabla hujalionea haya jina, jua lilitolewa siku gani. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki 1950, alizaliwa akiitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mheshimiwa, lilikuja baadaye. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, alilibeba jina lenye maana ya aliyetoroka bila kulibadili.

Jibu la somo ndilo lenye uzito kupita yote. Ikiwa umepewa jina la babu, basi maana yako ni babu. Hali ya hewa ya siku uliyozaliwa wewe haina kazi tena, na unapaswa kuihamishia kazi yote kwenye maisha yake: alizaliwa wapi, mwezi gani, kwa watu gani. Mara nyingi jina hulala kizazi kimoja na kuamka kwa mjukuu, ndiyo maana huwezi kulipata kwa baba zako wadogo wala kwa binamu zako. Litafute kwenye jina la tatu la watu wa ukoo, si la kwanza.

Je, ni adimu kweli, au liliandikwa vibaya?

Hapa ndipo msako mwingi unapoishia, na tunashauri utumie nusu ya muda wako kwenye hatua hii. Majina mengi yanayoonekana ya peke yake ni majina ya kila siku yaliyopita mikononi mwa makarani watatu au wanne.

Kusanya karatasi zote zenye jina lako na la somo wako: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha madrasa, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja, kadi za zamani za chama au za ushirika. Zipange kwa mwaka, ya zamani juu. Andika jina kama lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi, bila kurekebisha. Ya zamani kuliko zote ndiyo yenye nguvu, hata kama mwandiko wake ni mbovu.

Kisha angalia mitego hii. Mwandiko wa mkono huchanganya n na u, m na w, a na o, hivyo Mwanaidi hugeuka Mwauaidi, na huyo ndiye utakayeambiwa hana mwenzake Tanzania nzima. L na r hubadilishana: Rehema na Lehema. Mwana- hukatwa likawa Mwa-: Mwanajuma ni Mwajuma, Mwanahamisi ni Mwanamisi na hata Mwamisi. Mwinyi, ambayo kwa watu wa Mrima, yaani pwani ya bara, ilikuwa heshima inayotangulia jina, hugandishwa na jina lenyewe likawa neno moja refu kwenye kitambulisho.

Hati za enzi ya Wajerumani zina mwandiko wake. Dsch ni j, sch ni sh, tsch ni ch, na s mara nyingi husimama badala ya z, ndiyo maana ramani zao zinasema Muhesa. Ukikuta Dschuma, ni Juma. Ukikuta Schabani, usidhani ni ukoo wa Kizungu. Bagamoyo ongeza mkono wa Kifaransa, maana misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilifunguliwa pale mwaka 1868: ou ni u, ch ni sh, dj ni j. Djouma ni Juma yule yule.

Kwa majina yenye asili ya Kiarabu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili kinabeba herufi tatu kwa moja. H ya Hadija, ya Halima na ya Hajara ni herufi tatu tofauti kule zilikotoka. S ya Salehe, ya Salima na ya Suraya vilevile. Suraya kwa asili ni Thuraya, yaani zile nyota ambazo wakulima wetu huziita kilimia. K ya Kasimu si k ya Karima. Ukichagua herufi isiyo yake utapata maana ya neno jingine kabisa, nayo itasomeka vizuri tu, hutajua kama umepotea. Dawa ni kupata jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu: kwenye jiwe la kaburi, kwenye cheti cha ndoa cha zamani, kwenye ukurasa wa mwanzo wa msahafu ambako wazee walikuwa wakiandika vizazi, kwenye hati ya kuuziana shamba. Piga picha mchana, jua likiwa limeinama ili mchongo utoe kivuli, na usikwangue chokaa wala kupaka chaki kwenye jiwe. Mpelekee ustadhi akusomee herufi zenyewe, asikupe tafsiri kwanza.

Mwishoni mwa hatua hii uwe na orodha ya namna zisizopungua nane za kuandika jina lako. Nusu ya "majina adimu" hufa hapa, na si hasara: umepata ukoo mkubwa zaidi wa majina kuliko uliodhani.

Pima jina kwa kalenda

Pwani, jina mara nyingi ni tarehe. Ramadhani, Rajabu, Shaabani, Saumu, Hija, Idi, Mwanaidi, Maulidi, Ashura, Hamisi, Juma, Jumanne: yote haya yanaweza kupimwa, na kipimo chake hakikubembelezi.

Kalenda ya kale ya Waswahili huanza kuhesabu baada ya mfungo. Shawali ni Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili unafuata, na Mfunguo Tatu ndio mwezi wa Hija. Ashura huangukia tarehe 10 ya Mfunguo Nne, Maulidi Mfunguo Sita, hesabu inakwenda hadi Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mwaka huo una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwezi unarudi nyuma kama siku 11 kwa mwaka wa kawaida, na baada ya miaka karibu 33 unarudi kwenye msimu ule ule. Ramadhani ya mwaka 1400 Hijria ilikuwa kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti 1980. Mtu aitwaye Ramadhani au Saumu mwenye cheti cha Julai mwishoni 1980 amethibitika. Mwenye cheti cha Machi 1980 hakuitwa hivyo kwa sababu ya mfungo wa mwaka ule.

Tarehe yako ya usajili iko kwenye tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA: mwaka, mwezi, siku. Ibadilishe kuwa ya Hijria kwa programu yoyote ya kalenda, na uruhusu tofauti ya siku moja au mbili kwa ajili ya kuandama kwa mwezi. Kwa majina ya siku za wiki kuna kosa moja linalowaangusha wengi: siku ya Kiislamu huanza jua linapotua. Aliyezaliwa Jumatano saa tatu usiku amezaliwa usiku wa Alhamisi, na jina lake Hamisi ni sahihi kabisa ingawa cheti kinasema Jumatano. Kwa hiyo uliza saa, siyo siku peke yake.

Jina na tarehe zikikataana, mlango wa kwanza ni somo, kwamba jina limerithiwa. Mlango wa pili ni tarehe ya kukisia, na alama yake kuu ni 1 Januari, waliyojaziwa wengi ambao siku yao haikujulikana. Mfano tunao hapa hapa Tanga: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, huandikwa kila mahali kuwa wa 1 Januari 1909. Siku hiyo ilikuwa ndani ya Mfunguo Tatu, miezi mitatu na zaidi baada ya Shaabani kupita. Mwenye ukoo akikuta jambo kama hili asikimbilie kusema jina halina maana. Aichunguze tarehe kwa ukali ule ule anaolichunguzia jina.

Na Saumu, kwa kuwa limetajwa: kamusi itakupa saumu mbili, funga na kitunguu. Zilitoka kwenye maneno mawili tofauti ya Kiarabu yakakutana kwenye ulimi wetu. Binti wa Pangani hakuitwa kitunguu.

Kwa Wakatoliki kalenda ni ya watakatifu. Mtoto alipewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa au aliyobatizwa, ndiyo asili ya akina Skolastika (10 Februari), Telesfori (5 Januari) na Simforosa (18 Julai). Jihadhari na mabadiliko ya kalenda ya 1969. Polikarpi leo ni 23 Februari, lakini kabla ya hapo alikuwa 26 Januari, kwa hiyo Polikarpi aliyezaliwa 1950 pima kwa kalenda ya zamani. Unapomwomba paroko akutafutie kwenye daftari la ubatizo, mpe mwaka, jina la baba na la msimamizi, tena ujue kwamba daftari hizo ziliandikwa kwa Kilatini: Aloisi atakuwa Aloysius, Yohane atakuwa Joannes, Yakobo atakuwa Jacobus. Soma na maandishi ya pembeni, maana huko huongezwa kipaimara na ndoa, mara nyingine kwa namna nyingine ya kuandika jina.

Sasa uliza lugha

Kama jina limepita kwenye karatasi na kalenda na bado halieleweki, ndipo ulitafutie lugha. Usilazimishe Kiarabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu haina maneno mengi ya Kimrima wala ya Kimtang'ata. Kamusi ya Padri Charles Sacleux ya 1939, ya Kiswahili na Kifaransa, ina lahaja za pwani kwa wingi na inafaa kuulizia maktaba za vyuo.

She- mwanzoni hukupeleka Usambara, Bondei au Uzigua. Kwa kawaida hilo ni jina la ukoo, na likikaa mahali pa jina la kwanza, karibu kila mara karani aligeuza mpangilio. Kimweri linakupeleka Vugha, kwa watawala wa Kikilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala hadi kufa kwake 1862. Chausiku ni Kiswahili kitupu, aliyezaliwa usiku. Mosi, Pili na Tatu ni mpangilio wa kuzaliwa, lakini uliza unahesabiwa nini: Tatu anaweza kuwa mtoto wa tatu wa mama, au binti wa tatu baada ya wavulana watano.

Halafu kuna mkonge. Mimea yake ililetwa upande wa Pangani mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka hapo yakatokea mashamba yaliyovuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka kila pembe. Ndiyo maana Tanga ina majina ambayo hapa ni adimu na kwao yamejaa tele. Bukuru na Butoyi ni pacha wa kwanza na wa pili kwa Waha wa Kigoma na kwa Warundi, na anayewafuata ni Kiza au Chiza. Watu wakimsikia Kiza mtaani hudhani ni giza, na mwenyewe hukua akiamini hivyo. Kulwa na Doto ni pacha wa Kisukuma, Shija huwafuata. Tusajigwe ni la Kinyakyusa, tumebarikiwa. Kwa hiyo kama babu au bibi yako aliishi kambini, iwe Muheza, Korogwe au Pongwe, uliza alitoka wapi kabla ya mkataba, na ulitafute jina huko.

Kipimo cha kukubali maana ni kimoja: mzungumzaji wa lugha hiyo, ambaye hujamwambia unachotarajia, alisikie jina na aeleze mwenyewe. Wakikubaliana wawili wasiojuana, andika. Mmoja tu hatoshi.

Kuhesabu

Tanzania haichapishi orodha ya majina na idadi yake, kwa hiyo asilimia au nafasi unayoiona mtandaoni imetoka nchi nyingine, mara nyingi Marekani, ambako mamlaka ya hifadhi ya jamii huacha nje kila jina lenye watoto chini ya watano kwa mwaka. Jina linaweza kutokuwepo kabisa kule na likawa la kawaida Makorora.

Unaweza kujitengenezea makisio. Tafuta orodha iliyo wazi kwa umma, kwa mfano Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapobandikwa vituoni kwa uhakiki. Hesabu majina ya jinsia inayohusika peke yake, usipungue 600, na uhesabu namna zako zote nane za kuandika. Tenga watu wazima sana na vijana, kama orodha inaonyesha umri, kwa sababu jina likiwa kwa wazee tu linakufa, na likiwa kwa watoto tu limeingia majuzi. Wawili kati ya 600 ni kama mmoja kwa kila 300, lakini sema "karibu", maana mtaa mmoja unaweza kuwa na ukoo mmoja. Usipompata hata mmoja, usiandike sifuri: gawa 3 kwa idadi uliyohesabu. Sifuri kati ya 600 maana yake ni kwamba jina haliwezi kuzidi sana mtu 1 kwa 200, basi. Rudia Bagamoyo kama ulianza Tanga, na usijumlishe hesabu mbili kuwa moja.

Andika jina na kundi la umri, basi. Namba za vitambulisho, picha na makazi ya watu usivichukue. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Weka kumbukumbu inayosomeka

Tumia ukurasa mmoja: jina kwa herufi za Kiswahili, na za Kiarabu kama ulizipata, namna zote za kuandika, kila moja na karatasi ilikotoka na mwaka wake, aliyelitoa, somo, tarehe kwa kalenda mbili, maana, na nani aliyeithibitisha. Mambo uliyosimuliwa yaandike mbali na uliyoyaona kwenye karatasi. Nakala moja iende kwa mtoto wa ndugu yako, siyo kwako peke yako.

Ukigundua cheti chako kina kosa la herufi, usikimbilie kubadili. Pima kwanza ni karatasi ngapi zinafuata kosa hilo: vyeti vya shule, benki, NIDA, hati ya nyumba. Kama zote zimelifuata, mara nyingi ni nafuu kuapa kwa wakili kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja kuliko kuanza kurekebisha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na kukuta cheti chako kipya hakilingani na kitu chochote ulichonacho. Kama mtoto bado ni mchanga na ana cheti tu, rekebisha sasa, ukienda na kadi ya kliniki mkononi, na jina umeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ili karani anakili badala ya kusikiliza.